Kura za maoni za Republican 2016: nani alikuwa mhafidhina kweli kati ya Cruz, Rubio, Kasich na Trump? Tuwapime kwa matendo, hotuba tuziweke pembeni

mbeba_boksi_iowa (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu.

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia lazima humu atokee mdau na orodha yake, fulani mhafidhina namba moja, fulani namba mbili, fulani ni Democrat kavaa koti la Republican, na watu wanabishana kurasa kumi bila hata kukubaliana orodha imepangwa kwa kipimo gani. Mimi nipo Iowa muda sasa, huku ndiko Republican wanakoanzia mchakato wao, na hili jambo nimelifuatilia kwa karibu. Naomba tulichambue kwa mwaka mmoja tu, 2016, maana huo ndio mwaka uliowaumbua wapanga orodha wote.

Walianza wagombea 17 wenye majina. Katikati ya Machi wakawa wamebaki wanne hivi: Donald Trump, Ted Cruz seneta wa Texas, Marco Rubio seneta wa Florida na John Kasich gavana wa Ohio. Ukiwauliza wachambuzi wa mrengo wa kulia wakati ule wengi wangekwambia Cruz yuko juu kabisa, Rubio anafuata, halafu Kasich, na Trump anashika mkia. Januari 2016 jarida la National Review, ambalo William F. Buckley alilianzisha 1955 na ndio kama baraza la wazee wa wahafidhina, lilitoa toleo zima la kumpinga Trump, waandishi zaidi ya 20 kila mmoja anaeleza kwa nini huyu siyo mwenzetu. Miezi sita baadaye huyo huyo wa mkiani ndiye mgombea wa chama.

Hoja yangu ni hii. Hotuba usizihesabu kabisa. Kwenye kura za maoni za Republican hakuna atakayesimama jukwaani aseme anapenda kodi kubwa, hataki bunduki na hana shida na utoaji mimba, wote wanasema yale yale. Tafuta siku ambayo msimamo wa kihafidhina ulikuwa unamgharimu mtu, unampotezea kura au wafadhili au marafiki, halafu uangalie siku hiyo alifanya nini. Hapo ndipo utamjua.

Nianze na Cruz, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu hili nililiona kwa macho.

Iowa ni mahindi. Ukitoka mjini dakika chache tu ni mahindi kushoto mahindi kulia mpaka unachoka kuangalia, na sehemu kubwa ya hayo mahindi haiendi kuliwa na mtu, inaenda kiwandani kutengenezwa ethanoli ya kuchanganya na petroli. Ukipita karibu na hivyo viwanda harufu ya kimea inakufikia mpaka barabarani. Hii biashara inashikiliwa na sheria ya serikali kuu ya 2005, ikapanuliwa 2007, inayowalazimisha wauza mafuta wachanganye kiasi fulani cha nishati ya mimea kila mwaka. Kwa hiyo kila mwanasiasa anayetaka urais akifika Iowa anaisifia ethanoli, ni kama kuvua viatu mlangoni. Sasa mhafidhina wa kweli wa uchumi, anayesema serikali isichague nani ashinde sokoni, anapaswa kuipinga ile sheria. Wengi wanapata kigugumizi wakifika hapa. Cruz alikuja akasema anataka iondolewe hatua kwa hatua. Gavana wa jimbo wakati huo, Terry Branstad, Republican mwenzake, akatamka hadharani mwezi Januari kwamba anataka Cruz ashindwe. Gavana! Na Trump yeye akasimama na wakulima, akasema ethanoli iendelee tena iongezwe.

Tarehe 1 Februari nilienda kuangalia kokasi, kwa wasiojua ni mikutano ya kata inafanyika usiku, ya kwetu ilikuwa ukumbi wa mazoezi wa shule. Wasiopiga kura tuliruhusiwa kukaa pembeni kama watazamaji. Kila mgombea anasemewa na mtu wake dakika chache, halafu watu wanaandika jina kwa mkono kwenye kipande cha karatasi, zinakusanywa, zinahesabiwa mezani watu wakiona. Mzee mmoja mkulima aliyekaa karibu yangu kofia ya kampuni ya mbegu kichwani alimwambia mwenzake kwamba kwenye ethanoli Cruz kakosea lakini angalau kamwambia usoni, na akaandika Cruz. Jimbo zima Cruz akashinda kwa asilimia 27.6, Trump 24.3, Rubio 23.1.

Kwa kipimo changu hiyo ni alama kamili. Wengine nitawaleta, tiririkeni kwanza.

kipanga_wa_tanga

Mkuu umeanza vizuri ila mbona unazunguka wakati wenzetu wameshatengeneza maksi? Wana taasisi zinatoa alama kwa kila mbunge, American Conservative Union wanatoa tangu miaka ya 70, Heritage Action, Club for Growth, na NRA wale wa bunduki wanatoa kabisa A mpaka F kama cheti cha shule. Chukua namba panga mchezo umeisha, Cruz alikuwa anapata mia.

mbeba_boksi_iowa

Mkuu kipanga hizo maksi nazijua na siyo za kutupa, ila kuna mambo mawili makubwa.

La kwanza, wanaochagua kura zipi zihesabiwe ni taasisi yenyewe. Club for Growth wanajali kodi na matumizi, hawana habari na ndoa wala mimba. Ndio maana Mike Huckabee, mchungaji kabisa, aliyeshinda Iowa 2008 kwa kura za walokole, walimshambulia mpaka basi kwa sababu alipandisha kodi alipokuwa gavana wa Arkansas. Sasa mchungaji wa Baptist siyo mhafidhina? Kwa kadi yao hapana.

La pili, gavana hapigi kura bungeni na mfanyabiashara ndio kabisa. Cruz na Rubio unaweza kuwapa maksi, Kasich utampa zile za miaka yake ya bungeni zilizoisha muda wake mwanzoni mwa 2001, Trump utampa nini? Hana kura hata moja. Unapanga watu wanne wakati wawili tu ndio wamefanya mtihani wa juzi.

Wale maprofesa Keith Poole na Howard Rosenthal walitengeneza njia nyingine, haijali mada, inaangalia tu nani anapiga kura pamoja na nani, halafu inamweka kila mbunge kwenye mstari kuanzia hasi moja kushoto mpaka moja kulia. Huko Cruz na maseneta wenzake Rand Paul na Mike Lee walikuwa mwisho kabisa wa kulia na Rubio alikuwa nyuma yao. Lakini fikiria vizuri, Rand Paul kuwa pale haina maana anakubaliana na Cruz kwa kila kitu. Machi 2013 alisimama Seneti karibu saa 13 kupinga serikali kutumia droni dhidi ya raia wa Marekani. Ile ni hoja ambayo nusu ya chama chake waliiona ya mtu wa kushoto.

mwl_mstaafu_mbeya

Mleta uzi nakupongeza. Naomba niongeze kwa uzoefu wa darasani. Kumpanga mtu kwa jumla ya maksi kunaficha mengi, mwanafunzi mmoja ana A ya hesabu na F ya historia, mwingine ana C tupu, jumla inafanana na hawafanani kabisa. Uhafidhina wa Marekani kwa ninavyousoma una masomo yasiyopungua manne: fedha (kodi, bajeti, ukubwa wa serikali), dini na familia, ulinzi na mambo ya nje, na hili la mipaka na wahamiaji ambalo limepanda chati baadaye. Tuwapange kwa kila somo peke yake.

mbeba_boksi_iowa

Mwalimu shikamoo, hapo umenisaidia sana, na nakubali masomo manne. Ila kwenye kila somo nabaki na swali langu, siku ya gharama alifanya nini.

Fedha. Hapa Kasich ndio anachanganya watu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bajeti ya Baraza la Wawakilishi kuanzia 1995, yeye ni mmoja wa waliosukuma ule mpango wa 1997 wa kusawazisha bajeti, na kweli kuanzia 1998 serikali kuu ikawa na ziada miaka minne mfululizo. Hao wengine watatu wote wanaongelea kusawazisha bajeti, yeye ameshashiriki kuifanya. Alipokuwa gavana 2011 akasaini sheria ya kuwabana vyama vya wafanyakazi wa serikali, wananchi wa Ohio wakaifuta kwa kura ya wananchi wote wa jimbo mwaka huo huo kwa zaidi ya asilimia 60. Msimamo ule ulimgharimu waziwazi. Halafu 2013 huyo huyo akachukua pesa za Obamacare, ile sheria ya bima ya afya ya Obama, kupanua Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini. Wabunge wa chama chake mwenyewe waliweka kipengele kwenye bajeti cha kumzuia, akakifuta kwa turufu, akapitisha mpango kwenye bodi ndogo ya watu saba kwa kura tano kwa mbili. Alijitetea kwa dini, kwamba ukifika mlango wa mbinguni hutaulizwa ulipunguza serikali kiasi gani, utaulizwa uliwafanyia nini maskini. Walokole wengi waliona anawasomea Biblia vibaya, mimi naona aliamini alichosema maana kilimgharimu urais.

Cruz kwenye fedha ni yule wa Septemba 2013, kasimama Seneti saa 21 na dakika kadhaa kupinga Obamacare isipewe hela, katikati akawasomea binti zake hadithi ya kulalia kupitia TV, wiki iliyofuata serikali ikafungwa siku 16 kwa kukosa bajeti. Viongozi wa chama walimchukia kwa lile na hawakumsahau. Alilipa.

Trump alisema kuanzia mwanzo kabisa hatagusa pensheni ya Social Security wala Medicare ya wazee. Kwa kitabu cha uhafidhina wa fedha hiyo ni F, kwa sababu huko ndiko hela nyingi zaidi za serikali zinakoenda.

binti_kisauni

Wueh hii thread imenifungua macho. Huku kwetu Kenya kwa mchujo hakuna mtu anauliza nani mhafidhina nani mliberali, watu wanauliza uko na baraka za nani na uko na pesa ngapi, halafu ukishindwa unahama chama ama unasimama kama mgombea huru.

Swali langu ni la Rubio. Nilikuwa naskia watu wake wakisema ni mhafidhina safi na pia wakisema alisaliti. Ni gani?

mbeba_boksi_iowa

Dada binti_kisauni, yote mawili, na hapa ndio kipimo kinafanya kazi.

Rubio aliingia Seneti kwa uchaguzi wa 2010 kwa nguvu za Tea Party, vuguvugu la waliokuwa wanapinga kodi na serikali kubwa, alimpindua gavana aliyekuwa madarakani, Charlie Crist. Maksi zake kwenye kadi zile zilikuwa juu sana. Kisha 2013 akaingia kwenye lile kundi la maseneta wanane, wanne wa kila chama, wakatunga mswada mkubwa wa wahamiaji, S.744. Ulikuwa unawapa watu wasio na makaratasi njia ya uraia ya miaka kama 13, na upande wa pili unaongeza ulinzi wa mpaka. Seneti ikaupitisha 27 Juni 2013 kwa 68 kwa 32. Baraza la Wawakilishi halikuuleta hata kupigiwa kura.

Sasa kipimo. Kuuandika ule mswada kulimgharimu, kwa hiyo unaweza kusema aliuamini. Lakini gharama ilipoanza kupanda akaanza kurudi nyuma, akasema mpaka kwanza mengine baadaye, na kufika mdahalo wa Las Vegas Desemba 2015 Cruz anamkaanga kwa mswada wake mwenyewe. Rubio akajibu kwamba Cruz naye 2013 alileta marekebisho ya kuwapa watu hawa hadhi ya kisheria bila uraia, na hilo ni kweli lipo kwenye kumbukumbu, Cruz anadai ilikuwa mbinu ya kuua mswada. Kwangu mimi Rubio ni mtu ambaye ukimtazama kwa kura kumi utaona mhafidhina safi, ile ya kumi na moja aliyoiandika kwa mkono wake akaikimbia. Wahafidhina hawakumsamehe kuiandika na wengine hawakumsamehe kuikimbia.

Lakini pia kwenye ulinzi Rubio alimzidi Cruz. 2015 Cruz alipiga kura ya kupunguza mamlaka ya idara ya usalama kukusanya rekodi za simu za raia, Rubio akapinga. Nani mhafidhina hapo? Ukiwa wa shule ya "serikali iwe ndogo" utasema Cruz, ukiwa wa shule ya "taifa liwe imara" utasema Rubio, na wote wawili wana hoja.

mkongo_wa_desmoines

Ndugu zangu salama. Mimi pia niko hapa hapa Des Moines, nilitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, kanisa letu tunasali Kiswahili. Niwaambie ukweli, sisi wengi kanisani tukiongea mambo ya mimba na ndoa tuko upande wa hao wahafidhina kabisa bila kuficha. Lakini somo la nne la mwalimu, hilo la mipaka, ndilo lilituchoma. Mwaka wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi karibu 85,000 na sisi Wakongo ndio tulikuwa wengi kuliko taifa lolote. Baadaye dari, yaani kikomo cha wakimbizi kwa mwaka, ikashushwa, mwaka wa fedha 2020 ikawa 18,000. Kuna watu dossier yao ilikuwa imeisha, wanangoja ndege tu. Sasa mukimpanga Trump kwa kipimo chenu musisahau kwamba kuna mhafidhina wa kanisa na kuna mhafidhina wa mpaka, na si mtu mmoja.

mbeba_boksi_iowa

Ndugu yangu asante kwa kulileta hili na poleni sana, maana wengine tunalijadili kama mpira na nyie mlikuwa mnasubiri ndugu.

Na umegusa penyewe. George W. Bush alijiita mhafidhina mwenye huruma, na 2003 akaanzisha PEPFAR, mpango wa dawa za UKIMWI, aliutangaza kwa dola bilioni 15 za miaka mitano na kati ya nchi za mwanzo zilikuwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Waliomsukuma ni hao hao walokole. Ukimweka Bush kwenye kadi ya Club for Growth ile ni matumizi ya serikali. Ukimweka kwenye kadi ya kanisa ni tendo la kihafidhina kuliko yote aliyofanya. Na Watanzania wenzangu mkumbuke Februari 2020 serikali ya Trump iliizuia Tanzania kwenye bahati nasibu ya green card mpaka Biden alipofuta siku ya kwanza ofisini Januari 2021. Kwa hiyo huu mjadala wa nani mhafidhina wa namna gani unafika mpaka Kariakoo, siyo wa Wamarekani peke yao.

kipanga_wa_tanga

Sawa nimekubali maksi hazitoshi. Ila mleta uzi unamkwepa Trump. Kipimo chako cha gharama kinampa nini? Na kama alikuwa wa mkiani, kwa nini walokole wa South Carolina walimchagua yeye wakamuacha Cruz, mtoto wa mchungaji?

mbeba_boksi_iowa

Simkwepi mkuu, nilikuwa namuweka mwisho makusudi.

Rekodi yake kabla ya 2015 iko wazi. 1999 kwenye mahojiano ya NBC alisema yeye anaunga mkono kabisa haki ya kutoa mimba. 2001 mpaka 2009 alikuwa amejiandikisha kama Democrat. Aliwachangia akina Clinton hela. Na kwenye kampeni yenyewe hakujificha sana, 13 Februari 2016 kwenye mdahalo wa Greenville, South Carolina, jimbo limejaa wanajeshi na wastaafu wa jeshi, ukumbi mzima wa wafuasi wa chama wanamzomea, akasema vita ya Iraq ilikuwa kosa kubwa na serikali ya Bush ilidanganya kuhusu silaha za maangamizi. Wiki mbili mbele, Houston, akasema Planned Parenthood, shirika la afya ya uzazi ambalo pia linatoa mimba, wanasaidia mamilioni ya wanawake kwa mambo mengine ukiacha mimba. Aprili akasema Caitlyn Jenner, mwanariadha wa zamani aliyebadili jinsia, anaweza kutumia choo chochote anachotaka Trump Tower. Kila moja ya hizo kwa mgombea mwingine ilitosha kumzika.

South Carolina akapata asilimia 32.5 na wajumbe wote 50. Jeb Bush, mdogo wake George W. Bush, ambaye wafuasi wake walikusanya zaidi ya dola milioni 100, akajitoa usiku ule ule.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kipimo cha gharama kinawapima na wapigakura. Trump alichukua misimamo isiyo ya kihafidhina hadharani na hakulipishwa, maana yake wale wapigakura hawakuwa wanapima uhafidhina wa aina ile tuliyokuwa tunaijadili sisi, walikuwa wanapima nani atawapigania dhidi ya watu wanaowadharau. Mipaka, biashara na China, viwanda kuhama, huko ndiko walikuwa na hasira na huko Trump hakuyumba hata siku moja.

mwl_mstaafu_mbeya

Lakini tuzungumze matokeo. Wahafidhina wa dini walipigania kufutwa kwa uamuzi wa Roe wa 1973, ule wa Mahakama ya Juu uliohalalisha utoaji mimba nchi nzima, karibu miaka 50. Reagan wao wanayempenda aliwahi kusaini akiwa gavana wa California, 1967, sheria ya kulegeza utoaji mimba, na 1986 akasaini msamaha uliowapa makaratasi wahamiaji kama milioni 2.7. Hao Bush wawili waliweka majaji na Roe ikabaki. Aliyekuja kuifuta kwa majaji wake ni huyu mliyemweka mkiani. Hapo orodha inasemaje?

mbeba_boksi_iowa

Mwalimu hili ndilo swali la uzi mzima na nimelifikiria sana.

Siku ile ile ya mdahalo wa Greenville ndio siku Jaji Antonin Scalia alifariki. Ghafla uchaguzi ukawa na kiti cha Mahakama ya Juu mezani. Cruz angeweza kusema "niangalieni rekodi yangu", alishatetea kesi za Texas mbele ya mahakama hiyo akiwa mwanasheria wa jimbo, watu wangemwamini bila kumuomba karatasi. Trump hakuwa na rekodi ya kuonyesha, kwa hiyo akalazimika kuweka ahadi kwa maandishi. 18 Mei 2016 akatoa majina 11 ya majaji, yametokana na ushauri wa watu wa Federalist Society, chama cha wanasheria wahafidhina, na Heritage, taasisi ya wahafidhina, akaongeza mengine Septemba, katikati akamchukua Mike Pence awe makamu. Hakuna mgombea kabla yake aliyewahi kufanya hivyo, kutoa majina ya majaji kabla ya kuchaguliwa. Novemba walokole weupe wakampa kura kama asilimia 80. Akaweka Gorsuch 2017, Kavanaugh 2018, Barrett 2020, na 24 Juni 2022 Roe ikaondoka.

Kwa hiyo naona hivi, mtu ambaye hamumwamini mnamfunga kwa mkataba, mtu mnayemwamini mnamuachia. Na mara nyingi yule mnayemuachia ndiye anawaletea jaji mnayeshangaa naye, kama David Souter aliyewekwa na Bush baba 1990 akaishia kupiga kura na waliberali. Ukinilazimisha nipange watu kwa imani ya moyoni Cruz bado ni wa kwanza na Trump wa mwisho, sibadilishi. Ukiniuliza nani alikuwa amefungwa zaidi kuwatumikia wahafidhina wa dini ni Trump. Kwenye fedha mkataba haukuwepo na matokeo yakaonekana, alipunguza kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21 Desemba 2017 lakini deni la taifa likatoka kama dola trilioni 20 likafika karibu 28 alipotoka, na ushuru wa chuma wa asilimia 25 wa 2018 ni kitu ambacho wahafidhina wa soko huria wa zamani wangekipinga barabarani.

binti_kisauni

Na 2024? DeSantis si alijaribu kumpita Trump kwa kulia?

mbeba_boksi_iowa

Alijaribu dada, na kwa kipimo cha karatasi alimpita kweli. Akiwa bungeni alikuwa kati ya waanzilishi wa Freedom Caucus, kundi la wabunge wa kulia kabisa, 2015, akiwa gavana wa Florida akasaini Aprili 2023 marufuku ya kutoa mimba baada ya wiki sita, mwezi huo huo akasaini sheria ya kubeba bunduki bila kibali. Trump akaiita ile ya wiki sita kosa baya sana. Akaenda mbali zaidi akamshambulia DeSantis kwamba akiwa bungeni alipigia kura mipango ya kupandisha umri wa kustaafu, yaani anampiga Republican mwenzake kutoka kushoto, kwenye kura za maoni za Republican. Nikki Haley, gavana wa zamani wa South Carolina, naye ndio alikuwa muwazi kuliko wote kuhusu mimba, Agosti 2023 Milwaukee akawaambia wenzake wasiwadanganye watu, marufuku ya nchi nzima inahitaji kura 60 Seneti na hawana.

Iowa hii hii, 15 Januari 2024, baridi ya kutisha, Trump 51, DeSantis 21, Haley 19. Safari hii sikusikia mtu hata mmoja pale ukumbini akiuliza ethanoli.

Wadau wa Ohio kama mpo humu naomba mtuletee ya Kasich, Desemba 2016 alipokataa kusaini ule mswada wa kukataza kutoa mimba mapigo ya moyo wa mtoto tumboni yakishasikika na siku ile ile akasaini wa kukataza baada ya wiki 20. Nataka kujua makanisa ya huko yalimchukuliaje, maana kwa kipimo changu ile siku sijui nimpe alama gani.